Maswali ya Wasomaji: Ua la Julai ni Lipi, na Je, Linaota Ziwani Kwetu?

Tangu tulipochapisha orodha ya maua yanayohusishwa na miezi kumi na miwili ya mwaka, barua hazijaacha kutufikia, na nyingi zimetoka kwa wasomaji waliozaliwa Julai au wenye watoto wa Julai. Sishangai hata kidogo. Maua mengi ya orodha ile tunayajua kwa kuyaona kwenye kadi na katika maduka ya maua, lakini la Julai, yaani yungiyungi, linaota lenyewe katika ghuba zetu za Ziwa Victoria bila kupandwa na mtu yeyote. Nimechagua barua zinazogusa mambo ambayo wengi wenu mmeyauliza kwa namna moja au nyingine.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Binti yangu alizaliwa Julai, na shangazi yake anayeishi ng'ambo alimtumia kadi iliyoandikwa kwamba maua ya mwezi wake ni mawili, yungiyungi na jingine ambalo hatulijui. Nilimpeleka ufukweni Luchelele nikamwonyesha maua ya zambarau yaliyotanda juu ya maji, naye akafurahi sana. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu akatuambia kwamba hilo si yungiyungi, ni gugu maji. Naomba kuelezwa tofauti yake. Pia, maana ya ua hilo ni nini, na ni nani aliyeamua kuwa ni la Julai? Nisingependa mwanangu ashike jambo lenye ushirikina ndani yake. (Mama wa Julai, Buhongwa, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama. Mzee huyo alisema kweli, na kosa hilo hufanywa na watu wengi sana, kwa sababu gugu maji nalo lina ua zuri na siku hizi ndilo linaloonekana kwanza mtu akitupa macho ziwani.

Ukitaka kuyatofautisha, anza na majani. Jani la yungiyungi hulala juu ya maji, bapa na la mviringo, nalo lina mpasuko mmoja unaotoka ukingoni hadi pale kikonyo kinaposhikana na jani. Jani la gugu maji ni nene, linang'aa, limesimama juu ya maji, na kikonyo chake kimevimba kwa sababu kimejaa hewa. Kisha tazama ua. Yungiyungi hutoa ua moja kwa kila kikonyo, lenye petali nyingi nyembamba zilizochongoka, za buluu iliyopauka au nyeupe, na katikati pana rangi ya manjano. Gugu maji hutoa maua mengi kwenye bua moja, ya zambarau nyepesi, na petali ya juu ya kila ua ina doa la manjano lililozungukwa na rangi iliyokoza. Ukiwa ndani ya mtumbwi unaweza hata kujaribu kwa mkono: gugu maji ukilivuta linakuja lote pamoja na mizizi yake myeusi, kwa kuwa halikushika chini, lakini yungiyungi litakukatikia mkononi, kiazi chake kikibaki topeni.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko suala la kadi ya siku ya kuzaliwa. Yungiyungi ni mwenyeji wa maji ya Afrika tangu enzi na enzi. Gugu maji ni mgeni kutoka bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, na katika ziwa letu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba mialo, likawazuia wavuvi kutoa mitumbwi na likatatiza vivuko, mpaka nchi za ziwa hili zikaleta mbawakawa wadogo wa jenasi Neochetina, ambao chakula chao ni gugu hilo. Mahali linapotanda, mwanga wa jua haufiki majini, na mimea iliyokuwa imeshika chini hunyong'onyea ikafa. Wazee wengi wa pwani ya ziwa watakuambia kwamba walipokuwa watoto waliona mayungiyungi mahali ambapo leo hawaoni ila gugu, nami naamini kwamba binti yako ana haki ya kulijua ua lililokuwapo kabla ya mgeni huyo.

Sasa nije kwenye maana yake. Katika orodha za Ulaya na Marekani, yungiyungi ni alama ya usafi wa moyo, na sababu yake inaeleweka kwa macho: mmea wenyewe umezama katika tope jeusi lenye harufu, ilhali ua linatokeza juu ya maji bila waa lolote. Hakuna nabii wala mganga aliyelipangia Julai. Orodha hizo zilitungwa katika nchi za kaskazini, nazo zilifuata majira ya huko, kila mwezi ukipewa ua linalochanua wakati wake. Julai ni kiangazi cha Ulaya, na yungiyungi jeupe la Ulaya huchanua miezi hiyo, kwa kuwa wakati wa baridi hulala chini ya maji yaliyoganda. Kwetu Mwanza hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo ua hili halisubiri Julai: likipata maji tulivu na jua, huchanua karibu wakati wowote wa mwaka.

Desturi ya kulipa kila ua maana yake ilienea sana Uingereza na Ufaransa katika karne ya 19. Mwanzoni mwa karne iliyotangulia, mke wa balozi wa Uingereza huko Istanbul, Lady Mary Wortley Montagu, alikuwa ameandika katika barua zake kuhusu namna watu wa mji ule walivyopelekeana ujumbe kwa maua na vitu vidogo vidogo, na mwaka 1819 kilitoka Paris kitabu kizima cha maana za maua. Baada ya hapo vitabu vya namna hiyo vikawa vingi, na kijana aliyeshindwa kusema lake kwa mdomo akapeleka shada. Sisi Waswahili hatuna sababu ya kustaajabu. Pwani yetu imekuwa na lugha yake ya maua muda wote huo: asumini hupambia kitanda cha maharusi, kikuba huvaliwa na mwanamke anayetaka harufu yake imtangulie, na kilua husifiwa katika nyimbo za mapenzi. Anayejua kusoma ujumbe wa kanga hatapata shida kusoma ujumbe wa ua.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wa ziwa hili moja kwa moja. Malkia Victoria, ambaye katika enzi yake lugha hiyo ya maua ilishamiri Uingereza, ndiye ambaye John Hanning Speke alimkumbuka alipofika hapa Mwanza Agosti 1858 na kulipa ziwa jina lake, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao tangu zamani. Miaka 21 kabla ya hapo, mwaka 1837, yaani mwaka uleule alioingia madarakani, jina lake lilikuwa limeshapewa yungiyungi: lile kubwa mno la Amazon, ambalo jani lake huweza kukaribia mita 3 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtunza bustani Joseph Paxton alifanikiwa kulichanulisha Uingereza kwa mara ya kwanza Novemba 1849, akamsimamisha binti yake mdogo juu ya jani na jani likambeba. Mishipa minene iliyo chini ya jani hilo ndiyo iliyompa Paxton mawazo ya kujenga jumba kubwa la vioo la maonesho ya London mwaka 1851.

Kuhusu ushirikina, mama, ondoa wasiwasi. Ua la mwezi halitabiri tabia ya mtoto wala halimkingi na lolote, na hakuna dua inayosomwa juu yake. Ni pambo la kumbukumbu. Mwambie binti yako kwamba ni ua la ziwa lenu, lenye sifa ya moyo safi, na hiyo inamtosha.

Ninachokuomba kwa msisitizo ni kwamba usimwache aingie majini kulichuma. Maji tulivu yenye majani, ambamo yungiyungi hupenda kuota, ndimo pia wanamoishi konokono wanaoeneza kichocho, na ukanda wetu wa ziwa una kichocho kingi. Vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa muda mfupi tu, na kwa kichocho cha tumbo konokono huvitoa kwa wingi zaidi saa za mchana. Yaangalieni maua mkiwa ndani ya mtumbwi pamoja na mtu anayeijua ghuba, maana viboko na mamba nao wanayapenda maji hayo. Kama mtoto alishawahi kuchezea maji ya ufukweni, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nansio, Ukerewe. Wanafunzi wangu waliona katika kitabu picha za Wamisri wa kale wameshika ua linalofanana na yungiyungi la kwetu. Je, ni lilelile? Na lile analokalia Buddha katika sanamu ni hili pia? Naomba vilevile kufahamu matumizi yake, kwa sababu ametokea mtu anayetaka kununua petali zilizokaushwa, akisema kwamba ughaibuni zinanywewa kama chai. (Mwalimu wa Nansio)

JIBU: Hongera, mwalimu, kwa kuwa na wanafunzi wenye macho. La Misri ni lilelile, la Buddha silo.

Yungiyungi la buluu linapatikana kuanzia bonde la Nile hadi kusini mwa Afrika. Wataalamu wengi wa mimea leo hulihesabu ndani ya spishi iitwayo Nymphaea nouchali, na lile la Misri ni namna mojawapo ya spishi hiyo. Pamoja nalo Wamisri walikuwa na yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, ambalo nalo ni la Afrika. Maji yanayotoka ziwani mwetu pale Jinja ndiyo yanayoanza safari ya Nile Nyeupe kwenda huko, kwa hiyo waambie wanafunzi wako wasione kwamba Misri ni habari ya mbali. Wamisri walichonga nguzo za mahekalu yao kwa umbo la mafunjo na kwa umbo la yungiyungi, na mimea hiyo miwili inaota bega kwa bega pembezoni mwa visiwa vyenu hadi leo.

Ili kuelewa kwa nini walilitukuza kiasi kile, inabidi kulitazama ua lenyewe siku nzima. Alfajiri huwa limefumba, kijani kibichi kwa nje. Jua likishapanda vizuri, majani manne ya nje hulegea, kisha petali hufunguka moja baada ya nyingine hadi ua zima linakuwa wazi na harufu yake tamu inasikika mtu akiinama karibu. Ikifika alasiri linaanza kujikunja, na kabla ya magharibi limefumba tena. Hufanya hivyo kwa siku tatu au nne, kisha huzama, na tunda huiva chini ya maji. Mmisri wa kale aliona humo mwendo wa jua lenyewe. Walisimulia kwamba hapo mwanzo, palipokuwa na maji na giza tu, yungiyungi lilitokeza na jua likazaliwa ndani yake, na mungu wao kijana aitwaye Nefertem walimchora akiwa amevaa ua hilo kichwani. Kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani yake kilikutwa kichwa cha mtoto kilichochongwa kwa mti kikichomoza katika yungiyungi, pamoja na kikombe cha jiwe la alabasta chenye umbo la ua hilo, na petali za buluu zilikuwa zimeshonwa katika mashada aliyozikwa nayo. Katika michoro ya makaburi ya Thebes, mji wao wa kale, wageni wa karamu wamelivaa kwenye paji la uso na wengine wamelishika puani wakinusa. Hata hesabu ililihitaji: katika maandishi yao ya picha, mchoro wa yungiyungi ulisomwa elfu moja. Nafikiri darasa la hisabati litaipenda habari hiyo.

Ua la Buddha, ambalo pia ni ua takatifu kwa Wahindu, ni Nelumbo nucifera. Kwa umbo yanafanana, kwa ukoo yako mbali sana. Jani la Nelumbo husimama juu ya maji kwa kikonyo kigumu, ni duara kamili bila mpasuko, na ua nalo huinuka juu kabisa. Wachina, ambao wana orodha yao ya kale ya maua ya miezi, walilipa mwezi wa sita wa kalenda yao ya mwandamo, ambao mara nyingi huangukia Julai, na hivyo pande mbili za dunia zikakutana karibu na ua la majini katika msimu uleule. Hata hivyo, yungiyungi letu halikukosa heshima huko Asia: la buluu ndilo ua la taifa la Sri Lanka, na jeupe ndilo la Bangladesh, ambalo limechorwa kwenye sarafu zao.

Kuhusu chakula, Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza kwamba watu wa huko walikausha ua hilo juani, wakatwanga mbegu za katikati yake na kuoka mkate, na kwamba kiazi chake kilikuwa na utamu kidogo. Mbegu na viazi vya yungiyungi vimeliwa sehemu nyingi za Afrika, hasa miaka ya njaa. Kaskazini mwa Botswana, kwenye delta ya Okavango, viazi hivyo hupikwa pamoja na nyama, na mlo huo unaoitwa tswii si chakula cha dhiki bali ni cha kujivunia. Huko Bangladesh vikonyo vyake ni mboga ya kila siku. Kwa sisi wa hapa sikatazi, lakini natoa sharti: viazi vipikwe mpaka viive kabisa, na visichimbwe kwenye maji yanayopokea taka za mji, kwa maana mmea unaokaa topeni hunyonya kilichomo topeni.

Habari ya chai ndiyo inayonitia mashaka. Petali za yungiyungi la buluu zina kemikali zinazogusa ubongo, na huko Marekani na Ulaya zinauzwa mtandaoni kwa ahadi ya kuleta usingizi na furaha. Madaktari wa Marekani wameripoti wagonjwa waliofikishwa kwa dharura wakiwa wamechanganyikiwa baada ya kulinywa au kulivuta. Zipo nchi zilizolipiga marufuku kabisa. Usiwaruhusu watoto kulitumia, na usimuuzie mtu ambaye hawezi kukuonyesha kwa maandishi analipeleka wapi na kwa kibali gani. Mnunuzi wa namna hiyo kesho atakuja na magunia, na ghuba itabaki tupu.

Badala yake, tumia ua hilo darasani. Pata kikonyo kirefu kimoja, kikate sawasawa ncha zote mbili, kioshe vizuri kwa maji safi na uyachunguze matundu yaliyomo ndani kwa urefu wake wote. Tumbukiza ncha moja katika glasi ya maji, kisha puliza kutoka ncha ya pili: mapovu yatatoka. Hivyo ndivyo kiazi kilichofukiwa kwenye tope lisilo na hewa kinavyopata pumzi kutoka juu. Ukipata na ua la siku yake ya kwanza ya kuchanua, waonyeshe kidimbwi cha maji maji kilichomo katikati yake. Mdudu aliyetoka kwenye ua jingine akiwa na chavua mwilini huteleza na kutumbukia humo, chavua ikaosheka na ua likarutubishwa, na mara nyingine mdudu mwenyewe hazinduki tena. Kuanzia siku ya pili kidimbwi hicho hukauka na ua huanza kutoa chavua lake lenyewe. Sijui somo la uchavushaji linaloshika akili ya mtoto kuliko hilo.

Watazamishe pia wakazi wa mahali hapo. Sato wachanga hujificha chini ya majani wasiliwe na samaki wakubwa. Juu ya majani hutembea ndege mmoja wa rangi ya hudhurungi, mwenye vidole virefu kupita kiasi ambavyo hutawanya uzito wake asizame. Kwa ndege huyo, baba ndiye anayeatamia mayai na kulea makinda, na hatari ikija huwabana makinda chini ya mbawa zake akaondoka nao, miguu yao mirefu ikining'inia.

SWALI: Ninapamba kumbi za sherehe huku Nyakato. Mteja wangu anataka ukumbi upambwe kwa mayungiyungi katika sherehe ya kutimiza miaka 50, kwa kuwa alizaliwa Julai. Nilijaribu kuyaweka kwenye mabakuli, lakini ilipofika saa kumi yote yalikuwa yamefumba. Nifanyeje? Na je, naweza kuyapanda nyumbani bila kufuga mbu? (Mpambaji, Nyakato)

JIBU: Dada, ua halikukosea, lilifuata saa yake. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kubadilisha ua. Kama sherehe ni ya usiku, tafuta yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, ambalo kingo za jani lake zina meno meno makali. Hilo hufunguka jioni na kubaki wazi hadi asubuhi ya siku inayofuata, kwa hiyo litakutana na wageni wako likiwa katika ubora wake. Mimi ningechagua njia hii bila kusita, kwa sababu ua linaloishi kwa mwendo wake lina uhai ambao hakuna ufundi wa kuuigiza.

Ya pili ni ya mafundi wa maua wa siku nyingi. Chuma asubuhi maua ya buluu yanayofunguka kwa siku ya kwanza au ya pili, uache kikonyo kirefu, na uyaweke majini papo hapo. Yakishafunguka kabisa, yeyusha nta ya mshumaa na udondoshe matone machache pale petali zinapoanzia, ndani ya ua, kuzunguka katikati. Nta ikishaganda itazizuia petali zisijikunje. Isiwe ya moto kupita kiasi, la sivyo petali zitababuka na kuwa za kahawia.

Unapochuma, kata kwa kisu na usivute, kwa maana kuvuta huweza kung'oa kiazi. Chukua ua moja moja katika sehemu mbalimbali, na uzungumze kwanza na viongozi wa mwalo. Usichimbe ukingoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Kupanda nyumbani kunawezekana sana, na nakusihi ufanye hivyo, kwa maana mpambaji mwenye maua yake hatalisumbua ziwa. Tafuta karai kubwa au pipa la plastiki lililokatwa nusu. Chini weka udongo mzito wa mfinyanzi, usitie samadi, kwa sababu itaoza na kufanya maji yawe ya kijani. Fukia kiazi huku ncha inayochipua ikiwa juu ya udongo, tandaza kokoto ndogo, kisha mimina maji taratibu mpaka yafike kama kiganja kimoja juu ya kokoto. Majani yakirefuka, ongeza maji kidogo kidogo. Weka mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, maana kivulini utapata majani bila maua. Kuhusu mbu, tia humo samaki wadogo, hata vifaranga vya perege, nao watakula viluwiluwi vyote. Karai lisilo na samaki usiliweke kabisa karibu na nyumba.

Zipo aina za rangi nyekundu, waridi na manjano zinazouzwa na wenye vitalu, nyingi zikiwa zimetokana na uzalishaji mchanganyiko ulioanza Ufaransa katika karne ya 19 kwa Joseph Bory Latour-Marliac, ambaye ndiye aliyemuuzia mchoraji Claude Monet maua ya bwawa lake maarufu la Giverny. Ni nzuri, zipande, lakini zisitoke kwenye karai lako kwenda ziwani, wala maji yake usiyamwage ufukweni. Gugu maji nalo lilisambazwa duniani na watu waliolipenda kwa ajili ya ua lake.

SWALI: Nilizaliwa tarehe 30 Julai. Yungiyungi nalijua, nimekulia nalo. Hilo ua la pili la Julai ni lipi, na naweza kulipanda hapa Musoma? (Msomaji wa Musoma)

JIBU: Linaitwa delfinio, nalo lina maua ya buluu, zambarau, waridi au meupe yaliyopangana kwenye bua refu lililosimama. Kila ua lina mkia mdogo uliochomoza kwa nyuma, na jina lake la Kigiriki linatokana na pomboo, kwa sababu tumba lake ambalo halijafunguka linafanana na mnyama huyo wa baharini. Katika lugha ya maua huashiria wepesi wa moyo na uchangamfu. Hupenda baridi, na jamaa zake wa porini wapo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo joto la Musoma halitalifaa sana, ingawa unaweza kujaribu kusia mbegu wakati wa miezi yenye ubaridi, mahali penye kivuli cha mchana. Tahadhari ni moja, nayo ni nzito: mmea wote una sumu, hasa mbegu na majani machanga, na huko magharibi mwa Marekani wafugaji hupoteza ng'ombe wanaoula malishoni. Kama una watoto wadogo au mbuzi wanaozurura uani, usilipande. Baki na yungiyungi kwenye karai.